Skrini niliyoishusha hadi usawa wa mikono

Mwezi wa nne sasa natumia seti ya kujifunzia upasuaji wa matundu madogo, ule ambao daktari hupitisha kamera na vifaa kwenye matundu ya tumbo na kufanya kazi akitazama skrini: sanduku lenye kamera ndani, skrini ya inchi 24, na mkono wa chuma unaobeba hiyo skrini. Niliagiza Dar es Salaam, ikanifikia Nyegezi kwa basi bila hata mkwaruzo. Niko masomoni kwenye upasuaji hapa Mwanza, na kitu ninachokisifu kuliko vyote kwenye seti hii ni ule mkono wa chuma.

Hospitali niliyoanzia, skrini ilikaa juu ya toroli refu, pembeni kushoto. Macho yako huko juu, mikono iko hapa mbele. Na upasuaji huu tayari unachosha akili: kifaa kinapita kwenye tundu la tumbo, hivyo ukipeleka mpini kulia, ncha inakwenda kushoto. Picha nayo ni bapa, kina unakikisia tu. Ukiongeza na skrini iliyokaa kando, kila unachokiona lazima ukigeuze kichwani kwanza ndipo mkono ufuate. Nilikuwa natoka thieta shingo imekaza, nikiamini mikono yangu ndiyo mizito.

Nyumbani nikarudia kosa lilelile, skrini juu ya kabati. Nilinunua sato Mwaloni Kirumba, nikampaa magamba, ngozi yake nikaibana ndani ya sanduku ili nijifunze kuishona. Inateleza, na ukivuta uzi kwa pupa inachanika, kwa hiyo inakufundisha adabu. Fundo moja lilinichukua dakika saba. Jioni moja nikaushusha ule mkono wa chuma mpaka skrini ikakaa nyuma tu ya sanduku, imelala kidogo, nikawa natazama chini kama mtu anayechagua mchele kwenye ungo. Siku ya tatu fundo likashuka hadi dakika nne, na halilegei. Sindano ileile, uzi uleule, kamera ileile.

Mwalimu wangu hakushangaa hata kidogo. Akanieleza utafiti wa Hanna, Shimi na Cuschieri wa Dundee, Uskoti, uliochapishwa mwaka 1998: madaktari walifunga mafundo huku skrini ikihamishwa hapa na pale, na walifanya vizuri zaidi ilipokuwa mbele yao, chini, usawa wa mikono.

Kasoro zipo. Kioo kinang'aa, na skrini ikilazwa inabeba taa yote ya dari. Jua la jioni likiingia kutoka upande wa ziwa, lazima nifunge pazia. Skurubu ya kiungo cha mkono wa chuma hulegea kila baada ya wiki mbili. Kamera ukiipitishia kwenye kompyuta, picha inachelewa nyuma ya mkono, na hilo linaharibu kila kitu. Mimi naichomeka moja kwa moja kwenye skrini. Kwa bei niliyolipa, kioo kisichoakisi kilistahili kuwemo. Nyota nne.

Juzi, kabla ya kumtoa mama mmoja mfuko wa nyongo wenye mawe, nilisema, "Sista, naomba tushushe skrini kwanza." Akanijibu, "Dokta, hiyo tangu ifungwe haijawahi kushushwa." Tulisaidiana, ikashuka, nami nikafanya kazi shingo imetulia. Aliyeshika kamera ndiye aliyebaki amejipinda mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo tumeandika barua kuomba skrini ya pili.