Kamgahawa ka chai Miyomboni, ofisi yangu ya tamthilia

Jamani watu wa Iringa, hapa Miyomboni kuna kamgahawa kadogo, meza nne tu, hakana hata bango, ila kwangu ndo pamekuwa ofisi tangu mwezi wa tano. Nina watoto wawili, baba yao anarudi usiku, na kozi ya uandishi wa tamthilia inataka niandike onesho jipya kila Ijumaa, sasa nyumbani ukishika kalamu tu mara "mama nimemwaga uji", nikaona isiwe tabu, nikishawapeleka shule nakuja hapa na daftari langu.

Chai ya maziwa ina tangawizi ya ukweli, na baridi ya Juni ya huku mnaijua wenyewe. Chapati laini. Maharage kuna siku chumvi imezidi. Wifi hakuna (afadhali!), soketi ni moja na tunagombania na vijana wa bodaboda.

Ila kinachonirudisha ni maongezi ya watu. Naandika kuhusu Mkwawa, yule chifu wa Wahehe, ngome yake ya Kalenga ilivyoanguka mikononi mwa Wajerumani 1894, na nilikwama wiki mbili maana wahusika wangu wote walikuwa wanaongea kama wako kwenye hotuba. Siku hiyo dada wa jikoni akamwambia babu mmoja anayekopaga kila siku, "Babu we kula tu, ila leo unakula deni la jana", nikaandika hapohapo, sasa hivi anayasema mke wa askari onesho la pili na mwalimu kapapenda hapo balaa.

Saa nne wakijaa utasubiri sana. Nyota nne, ya tano wakiongeza soketi.