Ukuta wa samadi na udongo: siku moja katika karakana ya imigongo, Kirehe

Ukivuka daraja la Rusumo kutoka upande wa Ngara na kushika barabara ya Kigali, unaingia wilaya ya Kirehe, mashariki mwa Rwanda, katika uliokuwa ufalme wa Gisaka. Huko ndiko asili ya imigongo, michoro ya matuta inayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe, na masimulizi ya wenyeji humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kuwa ndiye aliyeanza kupamba hivyo kuta za ndani za nyumba yake. Karakana niliyoitembelea ni ya ushirika wa akina mama. Sikwenda kununua ubao uliokwisha tengenezwa, bali kushiriki kazi: kila mgeni hupewa ubao wa mraba, na mbao zote, za wageni na za wenyeji, hupangwa ukutani zikawa mchoro mmoja.

Anayeogopa harufu asiogope, kwa kuwa samadi hukandwa pamoja na majivu, na majivu huikata. Ugumu uko vidoleni. Mama aliyetufundisha, ambaye Kiswahili chake kilikishinda mbali Kinyarwanda changu, alichukua donge, akalilaza juu ya mstari wa penseli, akalibana kwa kidole gumba na cha shahada huku akirudi nyuma polepole, na tuta likabaki na ukingo mkali kama lililochongwa kwa kisu. Langu lilifanana na njia ya fuko. "Usilisukume, mwanangu, livute," aliniambia, na kuanzia hapo mkono ukaanza kutii.

Kilichonivutia zaidi ni rangi. Nyeupe ni udongo mweupe uliopondwa na kuchanganywa na maji, na nyekundu ni udongo wenye kutu ya chuma, aina ile ile inayochafua viatu barabarani. Nyeusi ndiyo yenye kazi: maganda ya ndizi huchomwa yakawa majivu, yakachanganywa na utomvu wa shubiri na maji ya matunda ya kichaka kimoja cha jamii ya ndulele. Zikikauka, rangi hizi hazing'ai hata kidogo, kwa hiyo mwanga wa dirishani hugota kwenye matuta na kivuli chake kikawa sehemu ya mchoro. Nina nyumbani ubao mwingine, niliouziwa katika duka moja la mjini kwa maneno kwamba ni wa rangi za asili; unang'aa kama mlango uliopakwa rangi ya mafuta, na kivuli hicho haupati.

Lalamiko langu kwa karakana ni moja. Ubao huhitaji siku kadhaa kukauka kabla ya kupigwa msasa na kupakwa rangi, kwa hiyo mgeni wa siku moja hupaka rangi ubao uliofinyangwa na mwingine, na wake humaliziwa baada ya yeye kuondoka. Si vibaya kwa kazi ya pamoja, ila hatukuambiwa hivyo tulipolipa, na wenzangu wawili walinung'unika.

Ukinunua wa kubeba, hakikisha umekauka mpaka ndani kabla haujafungwa, na nyumbani ufute vumbi kwa brashi laini, kamwe si kwa kitambaa chenye maji, kwani udongo ule hurudi kuwa tope.