Waya mmoja wa Tommy Hunter: uchambuzi wa santuri ya Sun Ra, Cosmic Tones for Mental Therapy

Haya wadau, mambo vipi. Kama una hedifoni karibu zivae sasa hivi, ila sauti weka katikati tu, usijitie ushujaa, mbele huko kuna sehemu itapiga kelele kweli. Leo mezani nina hii hapa. Mnaiona? Cosmic Tones for Mental Therapy, Sun Ra na kundi lake la Arkestra. Ni toleo jipya hili, maana lile la zamani watu wanaliuza kwa mamia ya dola na mimi bado nalipa kodi ya nyumba. Nimenunua kwa hela yangu, hakuna aliyenidhamini. Kona ya kava imekunjika njiani, oneni, hapa, na aliyeniuzia ananiambia eti ndivyo zinavyokuja. Zinavyokuja wapi? Tuyaache.

Sun Ra ni nani? Jamani, hilo tulishalimaliza, video ipo kwenye chaneli. Kwa mgeni kabisa: mpiga piano wa jazi, mzaliwa wa Birmingham, Alabama, 1914, akafariki 1993 hukohuko Birmingham, na hapo katikati akawaambia walimwengu kwamba yeye si wa hapa, katoka sayari ya Zohali. Na lebo yake akaiita hivyohivyo, Saturn, yeye na rafiki yake Alton Abraham, pale Chicago miaka ya 1950. Lebo ya kujitegemea kabla watu hawajajua kujitegemea ni fasheni. Kava wanachora kwa mkono, santuri wanachapisha chache chache pesa ikipatikana, wanauza palepale kwenye shoo. Basi, inatosha, tuingie kwenye mzigo.

Kuna kitu kimoja tu kilichonifanya niwashe kamera leo, nacho ni mwangwi. Huu mwangwi uliomo humu umeninyima usingizi.

Subirini niweke sindano. Upande wa kwanza, kipande cha tatu, Adventure-Equation. Nitawapigia kidogo tu, maana wenye hakimiliki hawachelewi kuifungia video... Umesikia? Sikiliza dramu. Inapigwa mara moja, halafu inajirudia, inajirudia, kila ikirudi inakuwa na ukungu zaidi, mpaka hujui tena ipi kapiga mtu na ipi imejipiga yenyewe. Mtu yeyote mwenye programu ya muziki kwenye simu ataniambia, "Si dilei hiyo kaka, kitufe kimoja tu." Sawa. Lakini hii ilirekodiwa mwaka 1963. Kitufe chako kilikuwa wapi?

Kilichokuwepo ni jamaa mmoja anaitwa Tommy Hunter. Mpiga dramu, na ndiye aliyekuwa akishika tepu rekoda ya kundi. Wakati huo wako New York, wanafanyia mazoezi kwenye ukumbi wa wacheza dansi unaitwa Choreographers Workshop, na huyu bwana anarekodi. Si studio yenye kioo na prodyuza kavuka mguu. Ukumbi wa mazoezi, tepu, maiki, basi. Siku moja wenzake wanatyuni vyombo, yeye anajaribu mashine, akachukua waya akautoa kwenye tundu la kutolea sauti akauchomeka kwenye tundu la kuingizia. La mashine ileile! Yaani mashine inajisikiliza yenyewe. Ukumbi ukageuka pango. Hunter akadhani mzee Sun Ra atamkasirikia. Mzee akapagawa kwa furaha, akataka iwe hivyohivyo.

Sasa hapa naomba mnivumilie, maana hii ndiyo sehemu niliyoipenda na nitakaa nayo. Niligeuze hili dude muone. Hii ni tepu rekoda ya magurudumu mawili, fundi kaniwekea mikanda mipya. Tazama hapa kwenye hedi, hivi vichwa vidogo ambavyo utepe unapita juu yake. Ziko tatu. Utepe unatoka kushoto: ya kwanza inafuta, ya pili inarekodi, ya tatu inasoma kilichorekodiwa. Kati ya ya pili na ya tatu kuna nafasi, mnaona kidole changu? Nafasi hiyo ndiyo mchezo wote. Utepe ukikimbia sentimita 19 kwa sekunde, na hedi zimeachana kama sentimita 4 hivi, sauti inachelewa kama moja ya tano ya sekunde kabla haijasomwa. Ukipunguza mwendo ukawa nusu, inachelewa mara mbili. Hesabu ya darasa la sita.

Sasa hiyo sauti iliyochelewa, badala ya kuipeleka kwenye spika tu, irudishe ndani kwa waya. Nachomeka... hapa. Napiga kofi. Pa! Sikia. Pa, pa, pa, pa, pa, inakufa taratibu. Napandisha kitasa kidogo. Pa! Haifi. Inazunguka. Napandisha tena, na hedifoni zenu jamani, ooooh! Umesikia huo mlio? Hapo sijapiga chochote. Mashine inakula matapishi yake. Nateremsha haraka, imenyamaza.

Umeona mkono wangu ulikuwa wapi? Kwenye kitasa. Ndiyo maana nabishana na wale wanaoita hii "effect" ya kuwekwa juu ya muziki. Haikuwekwa juu. Hunter alikuwa anapiga kitasa kama wenzake wanavyopiga vyombo, palepale, wakati muziki unaendelea. Rudi kwenye Adventure-Equation usikilize vizuri: kuna mahali mwangwi unajaa kila kona halafu unakatwa ghafla, dramu inabaki kavu, mbele kabisa ya uso wako, kama vile mtu kafungua mlango wa chumba. Halafu unarudi. Wapigaji nao wanausikia na wanaujibu. Clarinet ya besi ya Robert Cummings, ile sauti ya chini inayonguruma, inaacha nafasi, inangoja mwangwi umalize sentensi yake. Siwezi kuthibitisha kwa karatasi kwamba alikuwa anangoja, lakini masikio yangu ndivyo yanavyoniambia, na hii ni chaneli ya masikio yangu.

Kuna mdau ataandika kwamba Les Paul, yule mpiga gitaa wa Marekani, alishafanya maajabu ya kurekodi gerejini kwake miaka ya 1940. Kweli. Na alifanya kwa usafi wa hali ya juu, kila gitaa limepangwa kama vikombe kabatini. Sina ugomvi naye. Na kuna wale wa Joe Meek, prodyuza wa pale London, anarekodi ghorofani juu ya duka la mabegi, barabara ya Holloway, akatoa Telstar, muziki wenye jina la setilaiti, mwaka 1962 ikashika namba moja mpaka Marekani. Tena kile kinanda kinacholia mle ndani, clavioline, ndicho hichohicho Sun Ra alikuja kukipiga kwenye albamu yake The Magic City. Chombo kimoja, watu wawili: mmoja katunga juu ya setilaiti, mwingine anasema kwao ndiko huko juu.

Na vijana wa Jacob Collier, yule mwanamuziki wa Uingereza, nawaona mnakuja. Mtoto ana kipaji, sibishi. Albamu yake In My Room, 2016, kaifanya chumbani kwao, kila chombo kapiga mwenyewe, ikampa Grammy mbili za upangaji wa muziki. Lakini mle kila kitu kimefikiriwa mpaka mwisho. Mimi kinachonikosesha raha na rekodi nyingi za chumbani za siku hizi, pamoja na zetu za hapa Bongo, ni huko kufikiria mpaka mwisho. Godoro ukutani, maiki ya laki tano, halafu sauti inasafishwa mpaka haina jasho. Unarekodi nyumbani ili usikike kama hujarekodi nyumbani! Sun Ra na Hunter hawakujificha. Ukumbi unausikia, mashine unaisikia.

Haya, tutoke kwenye mwangwi, la sivyo tutalala hapa. And Otherness inaanza polepole, sauti za chini chini, clarinet za besi, tromboni, besi ya Ronnie Boykins inasuguliwa kwa uta. Ni nzuri, lakini usiwapigie wageni waliokuja kula. Thither and Yon, hapo kuna Marshall Allen na oboe, chombo cha kupuliza. Wewe uliyekulia pwani ukiisikia ile sauti ya puani utashtuka, ni kama zumari ya ngomani imepotea njia ikaingia kisimani. Mama yangu alipita sebuleni akauliza, "Hiyo harusi ya nani?" Marshall Allen huyohuyo, kwa taarifa yenu, alizaliwa Mei 1924 na mwaka 2025 katoa albamu yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Ameshapita miaka mia! Wewe una miaka ishirini na tano unasema umechelewa kuanza.

Upande wa pili nilitegemea makubwa kuliko nilichopata. Vipande vyake viwili, pamoja na Adventure-Equation, walivirekodi asubuhi kwenye klabu moja Brooklyn, wakatumia kinanda cha klabu. Moon Dance naipenda sana, besi na dramu zinatembea pamoja, hii hata asiyejua jazi atatikisa kichwa. Mtengeneza biti yeyote aliyenifuata hapa, ichukue hiyo besi uisome. Ila Voice of Space... hmm. Kinanda kinazunguka, mwangwi unazunguka, nami nikaanza kuzunguka kutafuta rimoti. Mara ya kwanza niliona wamekosa breki. Nilipoisikiliza usiku taa zimezimwa ikanikaa vizuri zaidi, lakini bado nasema ni ndefu. Mkinitukana, nitukaneni kwa hoja.

Swali la bei sasa, maana najua ndilo mnalosubiri. Kwa hapa Dar, ukiagiza nje, santuri na usafirishaji inapita laki na nusu, na ushuru bado haujakaa sawa. Je, inafaa? Kama huna mashine ya santuri, hapana, usinunue ili uning'inize ukutani. Kuna sidii ya mwaka 1992 inayounganisha hii na Art Forms of Dimensions Tomorrow, albamu mbili kwa mpigo, ukiipata kwa mtu anayehama nyumba ichukue bila kuuliza. Na mitandaoni ipo, utaisikiliza kwa bando la siku moja. Ila ukisikiliza kwenye spika ya simu hutausikia ule mngurumo wa chini, utabaki na oboe peke yake, halafu utakuja kunilaumu.

Kitu kingine kinachoniuma: ilirekodiwa 1963, ikatoka 1967. Miaka minne utepe umekaa tu. Ndiyo gharama ya kuwa na lebo yako, unatoa unapoweza. Fikiria ingetoka palepale, kabla ya bendi za roki hazijaanza kuchezea tepu na kusifiwa kwa ugunduzi. Watu wengi waliokuja kupewa sifa ya mwangwi wa namna hii wangekuwa na maelezo ya kutoa.

Matangazo ya chaneli. Wiki ijayo fundi wangu anakuja hapa mezani, atafungua hii tepu rekoda aonyeshe namna ya kusafisha hedi na kupanga mikanda, kwa hiyo wenye mashine za wazee zimekaa stoo zitoeni vumbi. Wanachama, ile rekodi ya makofi yangu na mwangwi nitaipandisha kamili, muichukue mkaikate mkatengenezee biti, bure. Bonyeza kengele, jiunge, na uniambie kwenye maoni Voice of Space umeimaliza au umeruka.

Na wale mlioanza kuniandikia pembeni hata kabla sijaifungua: hii nakala siiuzi.