Grisi ipi ununue kwa pedeli ya breki, gia na stendi ya pikipiki

Wadau wa Kigoma, mvua zikianza tu pedeli ya breki ndo ya kwanza kusumbua, unaikanyaga inashuka, unaachia mguu inarudi kwa kujivuta au hairudi kabisa, na hapo breki inabaki imegusa, habu ya gurudumu la nyuma inachemka, breki shuu zinaisha na petroli inaliwa bure. Wengi wanakimbilia kununua springi mpya kumbe pini ya pedeli imekauka, imejaa tope na kutu.

Namba moja kwangu ni grisi ya lithiamu, kopo liwe limeandikwa NLGI 2 na EP. Hiyo 2 ni kiwango cha ugumu, maana yake inakaa pale ulipoipaka haitiririki, na EP maana yake imewekewa dawa ya kuhimili mgandamizo, kitu ambacho pini ya stendi na ya pedeli inakihitaji kwasababu haizunguki sana ila inabeba uzito. Ukikuta yenye molibdenamu, ile ya kijivu kuelekea nyeusi, chukua hiyo bila kufikiria. Ila rangi peke yake isikudanganye, nyekundu au bluu ni rangi tu ya kiwandani.

Namba mbili grisi ya kalsiamu. Hii maji haiiondoi kirahisi, kwa anayeshinda kwenye tope huko vijijini Kasulu au Kibondo inafaa sana, shida yake ile ya kawaida haipendi joto, kwahiyo pedeli na futiresti sawa, kamu ya breki, kile kipande kinachotanua breki shuu ndani ya habu, hapana.

Namba tatu spirei ya cheni, kwa asiyetaka kufungua kitu. Inaingia ikiwa nyepesi alafu inaganda ndani. Ndugu zetu wa Tabora kwenye vumbi na mchanga mfute kabisa inayobaki nje, mchanga ukishika kwenye mafuta unakula pini kama msasa.

Oili mpya ya injini nayo inasaidia, matone mawili matatu, ila ni ya kurudia kila mara.

Spirei ya WD-40 naiweka mwisho kwenye kulainisha, ingawa nunua, maana kulegeza kutu na kufukuza maji inaweza kweli. Puliza, sugua, futa, ndo upake grisi. Ukiishia kupuliza tu haichukui muda kelele zinarudi.

Oili chafu usipake, ina chembe za chuma. Na mawese jamani, najua huku kwetu yapo kila duka, lakini yakikaa kwenye hewa yanakuwa gundi na pedeli inanasa kuliko mwanzo.

Dukani chukua kopo dogo lililofungwa, linatosha muda mrefu. Kama ni ya kupimiwa kutoka kopo lililo wazi, sugua kidogo kwa vidole, ukisikia mchanga iache. Nyumbani toa pini, osha na mafuta ya taa na brashi, ondoa grisi yote ya zamani kwasababu grisi za aina tofauti zikichanganyika zinaweza kuwa maji maji, paka mpya kiasi, rudisha. Na hakikisha hata tone halifiki kwenye breki shuu wala diski, ikigusa hapo pikipiki haisimami.