Kabati la kamera ninalohifadhia mbao za magitaa: maoni yangu baada ya miezi 18

Kabati hili halikutengenezwa kwa ajili yetu mafundi wa ala. Ni kabati la umeme la kukausha hewa, lile ambalo wapiga picha huwekea kamera na lenzi zisiote ukungu. Langu lina ujazo wa lita 170 hivi, mlango wa kioo wenye mpira wa sumaku pembeni, na kwa ndani, ukutani nyuma, kuna kisanduku kidogo cheusi kinachofanya kazi yote. Nililinunua likiwa limeshatumika, nikalisimamisha kwenye kona ya karakana iliyo mbali na dirisha. Tangu hapo hakuna ubao wa mbele wa gitaa nilioutia gundi kabla haujapita humo.

Kilichonisukuma kulinunua ni ufa. Gitaa nililolijenga majira ya mvua lilirudishwa kwangu kiangazi, limepasuka sentimita 11 chini ya daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi. Ilikuwa sprusi nzuri, mti mwepesi wa jamii ya misonobari, mistari yake imenyooka kutoka ncha hadi ncha. Kosa lilikuwa langu: niligundisha mihimili ya ndani, vile vijiti vinavyoimarisha ubao wa mbele, siku ambazo unyevu wa hewa karakanani ulikuwa zaidi ya asilimia 65. Sprusi iliyokaa kwenye hewa ya namna hiyo hubeba maji karibu asilimia 12 ya uzito wake mkavu. Kwenye hewa ya asilimia 45 hushuka hadi 8 na kidogo. Ukiipigia hesabu tofauti hiyo kwenye ubao wa mbele wenye upana wa sentimita 40, unapata msinyao wa takriban milimita 2. Mihimili nayo imelala kukata nyuzi za ubao, na mti hausinyai kwa urefu wake kiasi cha kuonekana. Ubao unataka kujivuta, mihimili inaukatalia, na mwisho wake ni ufa. Nililikarabati gitaa lile kwa roho nzito, maana mwenyewe alikuwa amelitunza vizuri kabisa.

Sasa nieleze kisanduku kinavyofanya kazi, kwa sababu ndicho kinachofaa kuchunguzwa kwa makini kwenye kabati lililotumika. Ndani yake kuna punje zinazonyonya maji kutoka kwenye hewa ya kabati. Zikishiba, kijimlango cha upande wa ndani hujifunga, cha upande wa nje hufunguka, kisha hita ndogo huzipasha moto na mvuke hutokea nyuma ya kabati. Baada ya hapo mzunguko huanza upya. Hakuna feni, hakuna kelele, hakuna ndoo ya kumwaga maji kila asubuhi kama ilivyo kwa mashine kubwa za kukausha chumba kizima. Umeme ukikatika siku nzima, unyevu wa ndani hupanda kutoka asilimia 45 hadi 48 tu, na naamini sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya mbao zenyewe: kabati likijaa mbao kavu, zinakuwa kama akiba inayozuia hewa isibadilike haraka.

Namba ya unyevu inayoonyeshwa mlangoni, lakini, usiiamini mpaka uipime. Njia ni rahisi. Chukua kizibo cha chupa, weka chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, kisha ifungie kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na kipima unyevu chako kwa saa 24. Hewa ya humo hutulia kwenye asilimia 75. Kipima unyevu changu cha mkononi kilisoma 73, nikaandika kosa hilo mgongoni mwake. Kisha nikakiweka kabatini pamoja na kile cha kiwandani: cha kiwandani kilisema 45 wakati ukweli ulikuwa 51. Asilimia 6 ni nyingi. Fundi anayeongozwa na namba ya mlangoni peke yake angejenga gitaa kwenye unyevu ambao hakuukusudia, tena akiwa na uhakika kabisa. Tangu siku hiyo kitufe changu kimesimama kwenye 39 ili ndani pawe 45 ya kweli.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote hakikuja na kabati. Ni mizani ya jikoni. Kila nusu ya ubao wa mbele inapoingia naandika kwa penseli tarehe na uzito pembeni, mahali patakapokatwa. Jozi ya sprusi niliyoiingiza majira ya mvua yaliyopita ilianza na gramu 208 kwa kila nusu. Siku ya 4 ilikuwa 204, siku ya 9 ikawa 202, siku ya 14 bado 202. Uzito ukigoma kushuka kwa siku 5, najua ubao umekubaliana na hewa ya humo, na hapo ndipo naanza kuunganisha. Nusu mbili zilizotoka kwenye kipande kimoja huziweka jirani, zenye alama moja, ili zikauke sawa.

Rafu za chuma zilizokuja nalo hazifai kwa mbao. Ukizilaza moja juu ya nyingine, upande wa juu unakauka na wa chini unabaki na maji, na baada ya siku mbili ubao umejikunja kama jani. Nimetoa rafu ya katikati, nikatengeneza vitana viwili vya mbao, kimoja juu na kimoja chini, vyenye nafasi ya milimita 10 kati ya jino na jino. Kila ubao unasimama wima peke yake na hewa inaupita pande zote mbili. Jozi 12 zinaingia bila kubanana.

Mbavu, yaani mbao nyembamba za pembeni mwa gitaa, haziingii. Zina sentimita 80, na kimo kilichobaki baada ya kugawa kabati ni 60. Kama ningelinunua leo ningepima kimo cha ndani kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Kuna mambo ambayo kabati hili halifanyi, na moja lilinigharimu. Muuzaji mmoja aliniletea mafurushi ya rozwudi, mbao ngumu na nzito, yaliyofungwa kwa plastiki, akaapa ni mbao za miaka 5. Niliyafungua na kuyatia kabatini jioni ileile. Asubuhi namba ilikuwa 58, kisanduku kinapasha moto bila kupumzika, na sprusi zangu zilizokuwa tayari zilikuwa zimeanza kunywa maji upya. Baada ya wiki, vipande viwili vya rozwudi vilikuwa vimepasuka kwenye ncha. Ncha za ubao hupoteza maji haraka mno kuliko ubavu wake, kwa hiyo mbao mbichi inataka ncha zipakwe nta, ipangwe juu ya vijiti vya unene mmoja vilivyopangana wima, iwekewe uzito juu, na ikae kivulini penye upepo. Hesabu ya wazee wa kazi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na mbao nzito huomba zaidi. Kabati ni la wiki za mwisho tu. Miaka ya mwanzo ni ya rafu ya wazi, na hakuna mashine ndogo itakayoifupisha bila kuidhuru mbao.

Pili, linakausha tu, haliongezi unyevu. Kiangazi kikali, unyevu wa chumba ukishuka hadi asilimia 32, kabati nalo hufuata likasimama kwenye 34. Siku hizo naweka sifongo lenye maji ndani ya kikopo chenye matundu, sakafuni, mbali na mbao, na naliangalia kila siku. Tatu, kioo cha mlango huingiza mwanga, na sprusi hubadilika rangi kuwa ya manjano pale mwanga unapoigusa, hivyo nimelifunika pazia jeusi.

Na wadudu. Nilidhani ukavu ungewakomesha wale wanaobungua mbao na kuacha unga laini kama poda. Hapana, wanaweza kuishi hata kwenye mbao yenye maji asilimia 8. Ubao wowote wenye sehemu ya nje ya mti, ile nyeupe, sasa unapita kwanza kwenye friza wiki 2 ukiwa umefungwa vizuri kwenye mfuko, halafu unakaa humohumo mfukoni hadi upate joto la chumba, usije ukatokwa jasho.

Kwenye ubavu wa chuma wa kabati nimebandika kwa sumaku bahasha ya hati za mbao. Aina zote za Dalbergia, jamii ya miti ya rozwudi, mpingo ukiwemo lakini si rozwudi ya Brazili, zimo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu mwanzoni mwa 2017. Ala zilizokamilika zililegezewa masharti mwishoni mwa 2019, lakini mbao ghafi bado zina masharti yake, na rozwudi ya Brazili iko kwenye Kiambatisho cha I, kile kikali zaidi, tangu 1992. Namba ya kila hati imeandikwa kwa penseli kwenye ubao wake, karibu na uzito.

Kwa anayejenga magitaa manne au matano kwa mwaka kwenye chumba kimoja, nampa kabati hili alama 4 kati ya 5. Moja niliyoikata ni ya kile kipima unyevu cha mlangoni. Magitaa 7 yametoka na mbao zake, ya kwanza kati yao yameshapita kiangazi kizima, na juzi nimekagua mawili kwa taa na kioo cha mkononi kupitia tundu la sauti. Maungio yamefungana na mihimili yote imeshika. Mbavu nazichongea sanduku la plaiwudi lenye mpira mlangoni, urefu wa ndani sentimita 90.