Skyline Chili ya Cincinnati: pilau iliyokimbiwa na wali

Niseme mapema: mimi ni Columbus Crew damu, timu ya soka ya Columbus, Ohio, mahasimu wa Cincinnati. Kuusifia mgahawa wa Cincinnati kunaniuma kama mtu wa Msimbazi aliyevalishwa jezi ya Jangwani. Lakini haki ya mtu mpe.

Yote yalianza na ubishi wa simu na shemeji yangu anayeishi huko. Tuseme kila mji wenye timu ya MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani, upewe mgahawa wake wa nyumbani, ule wenye matawi. Nani achukue upi? Whataburger wataigombea Houston, Dallas na Austin, na wala haikuzaliwa kwao, ilianzia Corpus Christi ambako timu ya MLS haipo. In-N-Out wataivutana Galaxy na LAFC, timu mbili za Los Angeles, mpaka ichanike. Seattle wana Dick's yao tangu 1954, hapo sina neno. Sisi Columbus sasa, mtihani: White Castle wana makao makuu hapa tangu 1934, Wendy's ilifunguliwa hapahapa 1969, ila Wendy's unaikuta hata ukipotea njia Arizona. Utajitapaje nayo?

"Shem," akaniambia, "sisi swali hilo tulilijibu 1949. Njoo ule."

Basi Jumamosi nikaishika barabara kuu ya I-71, nikalipita lile bango la HELL IS REAL ("Jehanamu ipo kweli") lililoipa dabi yetu na Cincinnati jina, nikafika na njaa zangu.

Aliyeianzisha Skyline mwaka huo wa 1949 ni Mgiriki, Nicholas Lambrinides, mhamiaji kutoka Kastoria. Duka lake la kwanza lilikuwa juu kule Price Hill, ukisimama unayaona majengo ya mjini yamejipanga, ndipo jina likapatikana. Mapishi ni siri yao mpaka leo.

Nikaagiza 3-Way. Ikaja sahani yenye umbo la yai: chini tambi, katikati mchuzi wa nyama ya ng'ombe iliyosagwa laini mno, juu kichuguu cha jibini ya njano iliyokunwa nyembamba kama nyuzi. Kichuguu kweli, sitanii, mchuzi huuoni. Ukitaka vitunguu au maharage inakuwa 4-Way, ukitaka vyote viwili 5-Way. Pembeni kuna vibiskuti vidogo vya chumvi, vya mviringo, vya kutafuna huku unasubiri.

Nikazungusha uma kama ninavyokula tambi siku zote. Shemeji akanishika mkono. "Hapana, unaikata. Kwa ubavu wa uma, kama keki." Na kweli, ukiikata unapata tabaka zote tatu kwa mpigo mmoja. Ukizungusha, jibini yote inakuangukia kifuani, na shati langu linaweza kutoa ushahidi.

Sasa ladha. Wamarekani wa majimbo mengine huicheka hii chili, wanasema nyama gani ina harufu ya keki. Mimi nilipoitia mdomoni nilinyamaza. Mdalasini! Na kitu kama karafuu nyuma yake. Mtoto wa Tanga, niliyelelewa na sufuria za pilau za shughuli, utaniambia mdalasini haukai kwenye nyama? Kilichonishinda ni akili yangu mwenyewe: kwetu tambi ni za futari, zina sukari, tui na iliki. Ulimi ulisubiri utamu, ukakutana na mchuzi. Tonge la nne tukaelewana.

Kwa upande wa pilipili, usitegemee jina la "chili", yaani pilipili. Kwa mtu aliyezoea pilipili mbuzi mbichi kwenye kachumbari hii ni chakula cha mtoto, lakini chupa ya pilipili iko mezani, jimiminie. Jibini ningepunguza nusu. Na wenye masharti ya halali waulize kabla ya kuagiza, hasa hizo Coney, mikate yenye soseji ndani, ambazo mimi sikuzigusa.

Huduma ilikuwa ya haraka kuliko mama lishe wa stendi: hatujamaliza kusalimiana, sahani mezani.

Nyota nne kati ya tano. FC Cincinnati wapewe Skyline, mjadala ufungwe, ingawa ina matawi hadi Columbus kwetu na sasa najua nitaenda kwa kujificha.

Shemeji alianza kutamba kabla sijafuta mdomo. Nikamkumbusha Desemba 2023, fainali ya Kanda ya Mashariki, kwao, TQL Stadium: wanaongoza 2-0, tukawatoa 3-2 dakika za nyongeza. Akanisogezea chupa ya pilipili.

"Kula, shem. Chakula kinapoa."