Yutong: soma herufi ya modeli kabla hujalipa

Anayeuliza kama Yutong ni basi zuri hajauliza swali kamili. Kiwanda hiki cha Zhengzhou, jimbo la Henan, kilianza mwaka 1963 kama karakana ya kukarabati mabasi, na leo kinaunda kuanzia la mita 6 la wafanyakazi hadi la mita 18 lenye kiungo katikati. Mabasi mawili yenye sura moja stendi yanaweza kuwa na matumbo tofauti kabisa, kwa sababu mnunuzi ndiye anayechagua injini, giaboksi na springi.

Anza na jina. ZK ni alama ya kiwanda, na 6 ni kundi la mabasi kwa utaratibu wa China. Tarakimu mbili zinazofuata ni urefu: ZK6122 ni mita 12. Chini ya mita 10 zinasomwa kwa desimita, hivyo ZK6938 ina kama mita 9.3. Herufi ya mwisho ndiyo inayogusa mfuko wako. H, kama ZK6122H, injini iko nyuma. D, kama ZK6116D na ZK6729D, iko mbele.

Kwa lami ndefu, Dar hadi Mbeya au Mwanza, chukua H. Abiria hasikii injini, na buti chini ya sakafu ni kubwa. Lakini rejeta yake iko nyuma, inavuta vumbi linalotimuliwa na matairi ya gari lenyewe. Vumbi hilo likikutana na mvuke wa oili huganda kati ya intakula (kipoza hewa inayoingia kwenye injini) na rejeta, likawa kama blanketi. Ukimulika tochi kwa nje unaona mapezi safi, kumbe hewa haipiti, na geji inapanda kila mlima. Achanisha intakula na rejeta, puliza upepo kutoka upande wa injini kwenda nje, kisha maji ya nguvu ndogo. Pampu kali ya kuoshea magari hulaza mapezi na kazi inakuwa bure. Kwa barabara za udongo D inavumilia zaidi na fundi anaifikia injini kwa urahisi, ingawa dereva atakaa na joto na kelele siku nzima.

Yutong za dizeli hutoka na injini za Yuchai, Weichai au Cummins. Kwa hiyo usiende dukani kuomba “nozeli ya Yutong”. Piga picha kibati cha injini, nunua kwa namba ile. Zenye mfumo wa urea, yaani kimiminika kinachopulizwa kwenye moshi ili kuusafisha, zinataka nidhamu: ukizima injini, mfumo hurudisha urea kwenye tangi kwanza. Dereva akikata swichi kuu ya betri papo hapo, urea hubaki kwenye mipira, hukauka ikawa chumvi nyeupe na kuziba nozeli ya urea, kisha injini inapoteza nguvu. Asubiri dakika mbili hivi.

Springi za upepo ni raha kwenye lami. Gari likiamka asubuhi limelala upande mmoja, paka povu la sabuni kwenye mipira ya upepo, viungio na valvu ya kusawazisha kimo. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Fungulia matangi ya upepo kila siku. Yakitoa maji mengi, draya (kikausha hewa) imechoka. Yakitoa oili, kompresa inakula oili, na kubadilisha draya peke yake ni kutupa hela.

Bodi nzima huzamishwa kwenye rangi ya kuzuia kutu kwa umeme, na hapo Yutong wanastahili sifa, hasa kwa magari yanayolala Tanga au Mombasa. Kinga hiyo huishia pale fundi anapochomelea baada ya ajali. Dai kiungo kipakwe praima ya zinki, ndani ya bomba pia.

Za umeme zimethibitika mjini: 888 zilipelekwa Qatar kwa Kombe la Dunia la 2022. E12 yenye betri ya kWh 422, ikila kama kWh 1.2 kwa kilomita, inafanya kilomita 300 ikibaki na akiba, na chaja ya kW 150 huijaza kwa saa tatu. Inafaa njia za jijini zenye yadi yake. Kwa safari za mikoani bado.

Kitu cha kutobania unapoagiza ni ritada, breki ya ziada inayopunguza mwendo bila kutumia ngoma za breki. Dizeli ya mita 12 ikiwa imejaa hufikia tani 18, na mteremko kama wa Kitonga ukishukwa kwa pedali tupu, ngoma za breki hupata moto hadi pedali ikakanyagwa bila gari kushikika. Iandikwe kwenye mkataba, na siku ya kupokea gari ijaribiwe mteremkoni, basi likiwa na mzigo.